Tangazo lipi ununue kwanza: mwongozo kwa madalali wa mtandaoni wa Arusha na Moshi

Nilianza na shilingi 150,000 na picha moja nzuri sana. Ilipigwa kambi ya Shira jua likizama, Mlima Meru umechomoza juu ya mawingu. Chini yake niliweka linki ya kampuni iliyoahidi kunilipa kamisheni kwa kila mteja wa kupanda Kilimanjaro. Nikaibusti siku tano, yaani nikalipia posti isambazwe kwa watu wengi. Mioyo ilimiminika, komenti zikajaa, nikawa nalala na simu mkononi. Mauzo: sifuri.

Nilipokaa kusoma majina ya waliopenda ile picha, moyo uliniuma. Walikuwa waongoza watalii, wapishi wa mlimani, wagumu wanaobeba mizigo, vijana wa Majengo na Soweto. Mimi mwenyewe ndiye niliyechagua tangazo lionekane Moshi na Arusha, nikidhani karibu ndiko kuna wateja. Nililipa hela kuwaonyesha mlima watu wanaouona kila asubuhi wakifungua mlango.

Ndiyo maana naandika haya. Vijana wengi huku wameingia kwenye udalali wa mtandaoni: unampeleka mteja kwa linki yako, akilipa unapata fungu lako. Kazi yenyewe si ngeni, Amazon wana mpango wa aina hiyo tangu 1996. Ila tangazo unalilipia leo kutoka mfukoni, na kamisheni inakuja baadaye, ikija. Kwa hiyo linunue kama unavyonunua gunia la mahindi Kilombero: fungua, ingiza mkono, angalia cha chini.

Kabla ya kulipa, piga hesabu hii

Tuseme kamisheni yako ni dola 80 kwa mteja mmoja wa safari, na katika watu 100 wanaobonyeza linki mmoja ndiye anayelipia. Mibofyo 100 imekuletea dola 80. Basi mbofyo mmoja ukikugharimu senti 80 za dola, umerudisha mtaji tu na jasho limekwenda bure. Mimi sivuki nusu ya hapo, senti 40.

Sasa chukua viatu vya mlimani vyenye kamisheni ya dola 5. Hata wakinunua wawili kati ya 100, una dola 10, yaani senti 10 kwa mbofyo, na hiyo bado ni kurudisha mtaji. Bidhaa ya namna hiyo haibebi tangazo la kulipia kwa mbofyo. Itangaze kwa njia nitakazozitaja baadaye, au iweke ndani ya makala yako isubiri.

Namba moja: tangazo la maandishi kwenye utafutaji wa Google

Kwa safari za mlima na mbuga, hili ndilo ninalolinunua kwanza, na sioni linalolikaribia. Sababu ni kwamba mtu ameandika mwenyewe anachotaka. Anayeuliza bei ya kupanda kwa njia ya Machame siku 7 ameshaamua kupanda. Anatafuta wa kumpeleka. Aliyependa picha ya machweo amependa machweo.

Lakini nunua maneno membamba. Neno "Kilimanjaro" peke yake litakula hela yako kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu linatafutwa na mwanafunzi anayetaka kujua urefu wa mita 5,895, na mtu wa bia, na anayetafuta kazi, na anayetaka ramani. Andika kirai kizima kwenye mabano ya mraba ili tangazo lisitoke kwenye utafutaji wa maana nyingine, kisha jaza orodha ya maneno ya kuzuia: bia, urefu, ajira, ramani, picha. Fanya hivyo kwa lugha ya mteja unayemlenga, Kiingereza au Kijerumani, maana hatafuti kwa Kiswahili.

Kuna kipengele kimoja ambacho wengi hawakioni. Ukichagua nchi, mpangilio unaokuja wenyewe unajumlisha walioko katika nchi hiyo pamoja na wenye nia nayo tu. Ukitaka Wajerumani walioko Ujerumani, badilisha uchague waliopo pekee.

Masharti nayo yasome, tafadhali. Google hawakubali ukurasa ambao kazi yake ni kumrusha mtu kwingine tu. Ni lazima uwe na ukurasa wako wenye kitu cha kusoma. Wangu unalinganisha njia za kupandia mlima za Marangu, Machame, Lemosho na Rongai: siku ngapi, mahali pa kulala, nani anaifaa njia ipi. Na mipango mingi ya kamisheni inakataza kununua jina la kampuni yenyewe kama neno la kutafutwa. Ukikamatwa, kamisheni uliyokwisha kuipata inaweza kufutwa.

Uliza pia linki inakumbuka mteja kwa muda gani, yaani akibonyeza leo akalipa baadaye, mpaka lini bado anahesabiwa ni wako. Ya Amazon ni saa 24, na hiyo inatosha kwa tochi ya kichwani. Mtu anayepanga kupanda mlima huchukua wiki na miezi, anauliza mke, anaomba likizo. Kwa safari, mpango wa chini ya siku 30 siugusi.

Namba mbili: video fupi ya mtu anayeijua kazi

Hapa Moshi tuna utajiri ambao hatuutumii. Mwongoza mlima aliyetoka kambi ya Barafu usiku wa manane kwenda kileleni mara mia anaweza kueleza kwa dakika moja uvae nini usiku ule, na hakuna tangazo la studio litakalomfikia kwa kuaminika. Mlipe kaka huyo ada ya video, halafu fungu la kamisheni juu yake, na muandikiane kwamba unaruhusiwa kuitumia video hiyo tena. Stori ya Instagram inapotea baada ya saa 24. Wewe nunua video inayobaki.

Usinunue wafuasi. Mwombe akuonyeshe kwenye simu yake watazamaji wanatoka nchi gani. Mwenye wafuasi 4,000 ambao wengi wako Ulaya anakufaa kuliko mwenye 60,000 wa hapa kwetu, ikiwa unachouza ni safari. Na semeni wazi ndani ya video kwamba mnapata kamisheni. Marekani wana kanuni za biashara zinazodai hivyo, na mtazamaji anayeambiwa ukweli haondoki.

Ukiuza kwa watu wa hapa, mpangilio unageuka

Simu, majiko ya gesi, magodoro, vipodozi: mnunuzi wa Sakina au Kiboriloni haendi mpaka mwisho wa linki. Anaona tangazo, anapiga simu dukani, anauliza "bei ya mwisho?", anatuma hela kwa simu, anatumiwa mzigo kwa bodaboda. Linki yako haikuona chochote. Dada mmoja ninayemfahamu alipeleka wateja duka moja kwa miezi miwili bila kulipwa, kwa sababu hakukuwa na njia ya kuonyesha kuwa ni wake.

Dawa yake ni neno la punguzo. Kubaliana na mwenye duka kwamba anayetaja neno lako, tuseme MERU5, anapunguziwa kidogo, na mauzo hayo yanaandikwa kwenye daftari kwa jina lako. Kisha tangaza kwenye stetasi ya WhatsApp, ambayo hailipiwi. Orodha ya kutuma kwa wengi inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo omba wahifadhi kwanza. Usinunue orodha ya namba za watu kutoka kwa mtu yeyote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zaidi ya sheria, mtu aliyeombwa hela na asiyemjua hakusikilizi.

Posti ya kubusti

Sijaiacha kabisa. Naitumia kwa kazi moja: kuwarudia waliokwisha kufungua ukurasa wangu wa kulinganisha njia wakaondoka. Hao ni wachache, na gharama yake inavumilika. Kuitumia kutafuta watu wapya kwa mtaji wa laki moja na nusu, hapana.

Mabango ya tovuti

Bango la kwanza kubwa la mtandaoni lilitoka Oktoba 1994, na watu walilibonyeza kwa udadisi. Leo macho yamejifunza kulipita. Mwenye tovuti ya habari akikuuzia nafasi ya bango ya pikseli 300 kwa 250 kwa mwezi mzima, mwambie utalipa kwa mbofyo. Akikataa, ameshakujibu.

Vidirisha vinavyoruka na arifa za kusukumwa (matangazo yanayojitokeza yenyewe kwenye skrini)

Usinunue. Bei yake ni ndogo ukihesabu kwa kila elfu ya watu wanaoonyeshwa, na sehemu kubwa ya mibofyo ni ya vidole vilivyoteleza. Tangu Julai 2019 Chrome huzuia duniani kote matangazo ya tovuti zinazozidi kusumbua watu.

Swali la mwisho ninaloulizwa sana ni lini. Wengi hapa wanatangaza Julai, wanapoona magari ya watalii yamejaa Mnara wa Saa. Watalii hao walishalipa zamani. Mimi hela yangu ya utafutaji naiweka kuanzia Januari mpaka Mei, hata masika yakiwa yananyesha Ngaramtoni na hoteli ni tupu, kwa sababu huko ng'ambo ndipo watakaopanda kiangazi wanapouliza bei. Naanza na dola 5 kwa siku, na sibadilishi neno lolote kabla halijapata mibofyo 100.