Duka la kimea na togwa pale Uyole, njia ya Tukuyu

Ukishuka daladala Uyole, hapa Mbeya, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ile ya kwenda Iringa, fuata ya Tukuyu kwa mguu kama dakika tano. Duka liko nyuma ya mashine ya kusaga, mkono wa kushoto. Halina bango. Utalijua kwa nyungo zilizoanikwa juu ya mabenchi na harufu ya nafaka iliyolowekwa. Mwenyewe ni mama wa Kinyakyusa wa makamo. Siku ya kwanza aliposikia lafudhi yangu alinipokea kwa salamu ya kwetu, "Kamwene, mnyalukolo," na mimi niliyezaliwa Iringa vijijini nikaona nimefika kwa mtu.

Nilikwenda pale na shida. Mjukuu wangu aliletwa kwangu mwezi wa pili akiwa na miezi kumi, mama yake amerudi kazini Dar es Salaam. Kadi ya kliniki niliifungua kabla ya mizigo. Tangu alipofikisha miezi saba mstari ulikuwa umelala, bado uko kwenye kijani lakini kijivu, rangi ya uzito mdogo, kinauita. Nilipompeleka kupimwa, nesi alichota uji wangu kutoka kwenye chupa ya chai, akainamisha kijiko, ukachuruzika wote. Akaniambia, "Bibi, huyu anashiba maji." Nilijua anasema kweli. Lakini nikipika uji mzito mtoto anautema, au anameza vijiko vitatu anafunga mdomo. Mwepesi haumjengi, mzito haupiti. Mwanamke aliyewahi kulea anajua uchungu wa kukaa na bakuli lililojaa mbele ya mtoto mwembamba.

Yule mama hakuniuzia kitu kwanza. Aliuliza mtoto ana miezi mingapi, anaharisha au haharishi, kliniki wamesemaje. Ndipo akafunua majani ya migomba yaliyokuwa juu ya gunia kwenye kona, na chini yake ulezi umetoa vijimizizi vyeupe kama nyuzi. "Unga wowote ulio nao nyumbani unatosha, dada. Wewe chukua hiki."

Kimea, unga wa nafaka iliyochipuzwa. Mama yangu alikuwa nacho kwenye kibuyu miaka yote nilipokuwa binti, na mimi nilikuwa nimekisahau kabisa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu mwaka 1983, mradi wa lishe wa mkoa wa Iringa ulipoanza, ule wa serikali pamoja na UNICEF na WHO, na nakumbuka siku za kupima watoto kijijini, mizani imening'inizwa, kina mama wamepanga foleni na kadi zao. Nikatoka pale kuja kushona nguo mjini Mbeya, nikalea wanangu wa mwisho kwa unga wa dukani.

Anavyokitengeneza nimekiona kwa macho, maana anafanyia hapohapo mbele ya wateja. Ulezi unaoshwa, unalowekwa usiku mmoja, unachujwa, unatandazwa kwenye gunia na kufunikwa majani ya migomba. Asubuhi na jioni ananyunyiza maji. Miezi ya joto unachipua kwa siku mbili au tatu. Sasa hivi, kwa baridi hii ya mwezi wa saba, anangoja hadi siku tano. Unaanikwa, unafikichwa mizizi itoke, unapepetwa, unasagwa. Nilimuuliza kwa nini asitumie mtama, ambao ni rahisi kuupata. Akasema machipukizi ya mtama yana sumu ya sayanidi, na asiyeyaondoa vizuri anamhatarisha mtoto. Kwa jibu hilo tu ningerudi.

Matumizi yake yana utaratibu, na nilikosea siku ya kwanza, kwa hiyo sikilizeni. Pika uji mzito, unaosimama kwenye mwiko. Uepue, uache upoe mpaka kidole kivumilie. Hapo weka kijiko kimoja cha kimea kwenye bakuli, koroga, subiri dakika kama kumi. Uji utalegea wenyewe bila tone la maji. Mimi niliweka uji ukiwa unatokota na hakuna kilichotokea, kwa sababu kinacholainisha wanga ni kimeng'enya kilichomo kwenye nafaka iliyochipua, nacho moto mkali unakiua. Ukishalegea ndipo urudishe jikoni uchemke kidogo, kwani kimea ni unga mbichi uliokaa na unyevu siku kadhaa, na tumbo la mtoto halitaki mchezo. Unachopata ni uji mwepesi wenye unga wa uji mzito. Tumbo la mtoto wa umri ule ni dogo. Usipouweka unga ndani ya hayo mabakuli machache anayoweza kula, utauweka wapi?

Binti yangu alipiga simu akiwa na hofu: "Mama, si ndicho wanachopikia pombe?" Nimesikia swali hilo kwa mabinti wengi hapa Mbeya na sitaki walionee aibu. Ni kweli, kimea ndicho kinachoingia kwenye kimpumu na kwenye komoni. Lakini kilevi kinatokana na kuchachuka kwa siku kadhaa. Uji wa nusu saa hauna kilevi. Nilimwambia bibi yake alinilea mimi kwa kimea hichohicho, akatulia.

Mwezi wa tatu mtoto alikuwa na kilo 7.1. Wiki iliyopita mizani imesoma 8.6, na mstari umenyanyuka. Sisemi ni kimea peke yake. Anakula yai, anakula maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, na parachichi la Rungwe ninalolipondea kwenye uji, jambo ambalo pia nililisikia pale dukani. Ila bila kimea hivyo vyote vingebaki kwenye bakuli. Robo kilo ni shilingi 2,500, na kwangu inakaa wiki mbili.

Unga wake wa ulezi ni ulezi mtupu. Hapo ndipo anapotofautiana na wengi. Kabla yake nilikuwa nanunua kwingine unga wa lishe wa nafaka kumi, wenye soya na karanga ndani, na mfuko wa pili ulikuwa na uchungu nyuma ya koo ambao mtoto aliutambua kabla yangu. Karanga ikishasagwa mafuta yake yanaharibika upesi, na karanga mbaya moja iliyosagwa ndani huioni tena. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haionekani wala kupikwa haiishi. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 20 Dodoma na Manyara, na waliougua walikuwa 68. Huyu mama anauza karanga nzima, umezichagua mwenyewe kwenye ungo, unakwenda kutwanga kidogokidogo nyumbani. Ni kazi zaidi. Mimi naifanya.

Togwa ndiyo inayowaleta vijana wa bajaji. Ni togwa ya mahindi na kimea, kikombe shilingi 500. Ya siku ya kwanza ni tamu bila sukari hata chembe, utamu wa ule wanga uliovunjika. Ya siku ya pili ina uchachu unaosafisha kinywa, na hiyo ndiyo ninayoipenda. Ya siku ya tatu hauzi, anampa jirani mwenye nguruwe. Kwa baridi ya huku ndoo inavikwa blanketi na kuwekwa karibu na jiko usiku kucha, vinginevyo asubuhi unakuta uji uliopoa tu. Mume wangu, ambaye alikuwa na soda yake moja kila siku mchana, sasa anakunywa togwa. Fika kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo ndoo iko tupu.

Asali anaipata Chunya. Nyakati hizi imeganda, nyeupe kama samli, na wateja wanamgombeza kwamba ameweka sukari. Si kweli: asali safi nyingi huganda kwenye baridi. Itie chupa kwenye maji ya vuguvugu itayeyuka. Nilitaka kumtilia mjukuu kwenye uji, akanikatalia mpaka mtoto atimize mwaka, kwa sababu asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la kichanga haliwezi kuvishinda. Alikuwa tayari kupoteza pesa yangu, na nilikuwa nimeshaitoa kwenye pochi.

Mume wangu naye alipata jibu lake. Ana presha, na rafiki yake alimshauri ale kitunguu saumu kilicholowekwa kwenye asali aache vidonge. Tulikwenda wote. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Baba, kitunguu saumu kula, kizuri kwenye chakula. Vidonge vyako usiviguse mpaka daktari aseme." Hakumuuzia chupa. Nimekaa Mbeya miaka zaidi ya ishirini na tano, nimeona meza za dawa za majani Mwanjelwa na Soko Matola zinazotibu magonjwa arobaini kwa kijiko kimoja, na nimezika watu waliochelewa hospitali kwa sababu ya kijiko hicho. Naziamini dawa za mimea. Tangawizi, ndimu na asali kwa kifua cha baridi ndiyo ninayotumia kwanza nyumbani kwangu. Kwa sababu naziamini, ninataka ziuzwe na mtu anayejua zinapoishia.

Yasiyonipendeza yapo. Togwa ya kubeba anaiweka kwenye chupa za maji zilizotumika, na ingawa anaziosha, midomo ile myembamba haioshwi vizuri na chupa zile hazikutengenezwa kurudiwa. Nimemwambia mara mbili. Nenda na chombo chako. Mifuko ya kimea haina tarehe. Mwombe aandike kwa kalamu, ataandika bila kununa. Mchaichai wake mkavu hauna harufu, unaanikwa juani siku nzima badala ya kivulini, heri uchume mbichi kwa jirani. Unga wa mlonge usinunue. Mti ule haupendi baridi ya huku, kwa hiyo unga wake unatoka mbali kupitia mikono ya wengine, na ndicho kitu pekee dukani ambacho hakukitengeneza wala hakukiona kikitengenezwa. Ulikuwa umefifia rangi. Na kukiwa na msiba, au wakati wa kuvuna, anafunga bila kutoa taarifa. Nimeshapoteza nauli kwenda na kurudi Iyunga mara tatu.

Kuna jambo linaloniuma na nitaliweka hapahapa. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, asilimia 56.9, wakati nchi nzima ni asilimia 30. Njombe na Rukwa wanatufuata. Ni kwetu, tunakolisha mahindi na viazi nchi nzima, ambako hakuna nyumba isiyo na maharage darini. Sababu ni nyingi, na kina mama kuchoka shambani ni mojawapo. Lakini kila nikiona binti mwenye mtoto mgongoni ananunua biskuti kwenye kioski kilichoko mbele ya duka hili, hatua kumi tu kutoka kwenye gunia la ulezi unaochipua, natamani kumshika mkono.

Wiki hii ulezi wa Sumbawanga ulikuwa haujafika na kimea kilibaki mifuko sita. Nimechukua miwili. Ameniambia mwingine atauloweka Jumatano, kwa hiyo kwa baridi hii msikitafute kabla ya Jumatano ya wiki inayofuata.