Gari la nitro: eya klina kwanza, urembo baadaye

Injini yangu ya kwanza ya nitro, ile ndogo ya gari la kuchezea la rimoti linalotumia mafuta, iliuawa na tai ya plastiki. Hizi hizi za kufungia nyaya, ambazo pakiti nzima unaipata kwa bei ya chai na chapati mbili. Haikuwepo pale ilipotakiwa kuwepo, basi.

Gari lenyewe ni Traxxas T-Maxx, lile la injini ya TRX 3.3, nililonunua la mtumba kutoka Dar. Muuzaji aliniapia: "Dada, hii mashine ilikaa kabatini tu, haijatumika kabisa." Nikatuma laki sita, mzigo ukapanda basi, nikaupokea Dodoma Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi lilinguruma hadi majirani wakatoka nje. Jumapili ya tatu tabia ikabadilika: likiwa baridi linawaka, likishika moto linazima, na ukizungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa kidole hakuna mkazo wowote pale juu. Linateleza tu kama mlango wa friji uliochoka raba.

Nikampelekea fundi wangu wa bodaboda hapa Iyumbu. Akafungua kichwa cha silinda, akageuza pistoni huku na huku. "Mama, ringi ziko wapi?" Nikamwambia injini hizi hazina ringi. Pistoni ni ya alumini, laina, yaani bomba ambamo pistoni inapanda na kushuka, ni ya shaba iliyopakwa madini magumu ndani, na laina hiyo imebanwa kidogo kule juu. Mbano huo ndio kompresheni yenyewe. Akaingiza ukucha kwenye laina, akaupitisha taratibu, akatikisa kichwa. "Hii imekula mchanga."

Tangu siku ile, mtu akiniuliza gari la nitro aboreshe nini kwanza, jibu langu halimfurahishi. Kasi, ukubwa wa matairi na rangi ya bodi siviongelei hapa, hayo muuzaji atakusimulia bila kuulizwa.

1. Eya klina, na hasa shingo yake

Kila mtu anajua sponji ya eya klina inatakiwa iwe safi. Ambacho watu hawakitazami ni shingo ya raba inayounganisha eya klina na kabureta. Ile raba inapigwa na joto, inalowa mafuta, inatikisika muda wote, mwishowe inapasuka kwenye mkunjo. Au haipasuki, ila tai ya kuibana kwenye mdomo wa kabureta imekatika, kama langu. Hapo sponji yako inaweza kuwa mpya ya dukani na injini bado inavuta vumbi kupitia pembeni. Na vumbi la Dodoma kuanzia Juni hadi Oktoba mnalijua, linaingia hadi kwenye sufuria lililofunikwa. Ndani ya laina linafanya kazi ya msasa.

Kipimo changu ni hiki. Ukimaliza kuendesha, futa vumbi la nje kwanza, toa eya klina, chukua kijiti cha pamba cha masikioni, kipitishe ndani ya shingo, upande wa kabureta. Kikitoka cheupe au na mafuta tu, mshukuru Mungu. Kikitoka na rangi ya udongo, usiwashe tena siku hiyo. Wengine hupaka grisi nyembamba ndani ya shingo ili chembe zinase pale na zionekane. Nimejaribu, inafanya kazi, ila usiweke ya kumwagika.

Hapa sijifichi: mimi ni mtu wa Traxxas. Eya klina yao ya sponji mbili, ya nje ikiwa ya kukamata chembe kubwa na ya ndani ikiwa nzito zaidi, inakaa kwenye injini yao bila kulazimishwa, na raba yao ni laini inayobana. Nimewahi kununua ya bei ya nusu yake. Sponji ilikuwa nzuri tu, shingo ilikuwa ngumu kama soli ya kandambili. Sina zaidi la kusema juu yake.

Nunua sponji tatu kwa pamoja, shingo moja ya akiba na pakiti ya tai. Sponji haifanyi kazi ikiwa kavu, lazima ipakwe oili maalumu ya eya klina za sponji, na ile ya pikipiki za mashindano inafaa kabisa. Usitumie oili ya injini, inateremka yote chini na kuacha juu pakiwa pakavu. Weka sponji kwenye mfuko wa plastiki, dondoshea oili, funga mfuko, kanda kama unakanda unga wa chapati mpaka rangi ienee pote, kisha kamua oili iliyozidi itoke. Ikichafuka ifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ikauke kabisa kabla ya kupaka tena. Petroli inayeyusha gundi ya sponji. Kuna mtu aliniambia kwamba "petroli inasafisha vizuri zaidi". Ndiyo, inasafisha mpaka gundi.

2. Plagi

Plagi ya nitro haitoi cheche kama ya pikipiki. Ina waya mwembamba uliojiviringa ambao unauwasha kwa betri wakati wa kuanza, baada ya hapo unabaki mwekundu wenyewe kwa joto la injini na methanoli iliyomo kwenye mafuta. Waya ukikatika, gari limekwisha kwa siku hiyo. Mimi naweka O.S. namba 8. Wale wajapani wa Osaka wanatengeneza injini ndogo tangu 1936, na plagi yao inanidumu. Beba mbili za akiba mfukoni kila unapotoka, pamoja na spana yake ya njia nne. Ukiona plagi zinakufa moja baada ya nyingine, usilaumu plagi. Mara nyingi umebana mafuta mno kwenye kabureta na injini inachemka.

3. Betri ya risiva

Risiva ni kile kifaa ndani ya gari kinachopokea amri za rimoti. T-Maxx yangu ilikuja na kiboksi cha betri nne ndogo, zile za rimoti ya televisheni. Kikitikisika, betri inaruka, risiva inazima, na gari linabaki na gesi ile ile uliyokuwa umekandamiza. Langu lilikimbilia uani kwa watu, likamkosa kuku kidogo. Tupa kiboksi. Nunua pakiti ya seli tano ya volti 6 inayochajiwa, halafu hakikisha redio yako ina kinga ya kurudisha gesi chini na kushika breki mawimbi yakipotea. Kama haina, kuna kijisanduku kidogo kinachochomekwa kati ya risiva na sevo ya gesi, ile mota ndogo inayovuta gesi na breki. Funga pia springi ya kurudisha kabureta. Haina bei yoyote ya kujadili.

4. Beringi za klachi

Kikombe cha klachi kinazunguka juu ya beringi mbili ndogo, kwangu ni 5 kwa 11 kwa 4 milimita. Joto la klachi linakausha grisi yake, beringi inapasuka, kikombe kinayumba, na kikiyumba kinatafuna meno ya gia kubwa ya plastiki. Kila baada ya matangi machache kitikise kwa vidole. Kikicheza, badilisha beringi zote mbili. Nunua kumi, ni vitu vya kuisha.

5. Kontro amu

Hii ni mikono inayoshika magurudumu. Ukigonga sana, nunua za kampuni ya RPM, ni za nailoni, zinapinda na kurudi. Za alumini ya buluu zinapendeza kwenye picha, ila zikipinda hazirudi, na nguvu ya pigo inahamia kwenye sehemu ya ghali zaidi. Skrubu ya chuma inayoingia kwenye chuma itie gundi ya kuzuia kulegea. Imetosha.

Mafuta nayataja kwa uchungu. Ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili, na mimi natumia yenye nitro asilimia 20. Ndege haikubebei kwenye begi kwa sababu yanawaka, kwa hiyo ndugu aliyeko Dubai hawezi kukuokoa kama anavyokuokoa kwenye spea. Unabaki na wauzaji wachache, na wanajua mko wachache. Nimeuziwa chupa iliyofunguliwa, ikiwa imekaa juu ya rafu mbele ya dirisha la jua. Methanoli inavuta unyevu wa hewani, na mafuta yaliyovuta maji hayatulii kwenye injini hata ukeshe na bisibisi. Nilipolalamika nikaambiwa, "Madam, kama hutaki changanya na petroli." Injini hii haili petroli! Dai chupa yenye lakiri yake, nunua ndogo, ifunge kabisa, iweke gizani na mbali na watoto. Methanoli ni sumu inayopofusha, na moto wake juani ni vigumu kuuona.

Kama gari lako limetoka pwani limeshasetiwa, jua kwamba Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo litakuwa linalewa mafuta na kutoa moshi mzito. Kaza sindano ya mafuta, ile skrubu ya kabureta inayopima mafuta, thumni ya mzunguko, endesha, sikiliza, ndipo uguse tena. Kama huna kipima joto, dondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini: likichemka na kuisha kwa sekunde tatu au nne, uko sawa. Likiruka papo hapo kama kwenye kikaango, fungua mafuta upesi. Na asubuhi za Julai, kabla ya kuwasha, napasha kichwa cha injini kwa draya ya nywele dakika mbili. Laina ikiwa baridi inabana pistoni sana, na kuilazimisha ni kuila. Mume wangu alicheka siku ya kwanza. Sasa anashika draya yeye.

Ukimaliza, acha injini iendelee kuwaka mpaka mafuta yote kwenye tangi yaishe, dondoshea oili ya kuhifadhia kwenye kabureta na tundu la plagi, zungusha mara kadhaa, kisha iache pistoni ikiwa chini kabisa. Ukiiacha juu, kwenye mbano, wiki ijayo utaikuta imekwama.

Laina na pistoni vilinigharimu karibu nusu ya bei ya gari, na usafirishaji juu yake. Muuzaji yule nilimpigia mara mbili, mara ya tatu simu ikawa haipokelewi. Jana nimeona tangazo lake jingine: T-Maxx, "haijatumika kabisa, ilikaa kabatini". Picha ya nne imepigwa kwa karibu, shingo ya raba inaonekana vizuri. Tai haipo.