Programu za kliniki ya meno na maabara: nilizolipia, nilizopata bure, na nilizobaki nazo

Programu ya kwanza kuendesha kliniki yetu ilikuwa ya kulipia kila mwezi, na kwa kazi za kila siku sikuwa na neno nayo. Miadi ilipangika, ankara zilitoka safi, wagonjwa walikumbushwa kwa ujumbe mfupi. Kazi ilikuja siku ya kuhama. Kampuni ile ilitukabidhi rekodi zetu kama rundo la PDF, na eksirei zote kama JPEG. Chati ya meno, ile tuliyoijaza jino kwa jino kwa miaka, ikawa picha ya kutazama tu. Huwezi kuitafuta, huwezi kuihamishia popote. Wahudumu wa mapokezi walikaa jioni baada ya jioni wakiingiza upya kwa mkono.

La eksirei ndilo lililoniuma zaidi. Picha ya DICOM, muundo wa kawaida wa faili za picha za kitabibu, hubeba ndani yake jina la mgonjwa, tarehe, mashine iliyoipiga, na kwa kawaida taarifa za vipimo. Ukiigeuza kuwa JPEG, yote hayo yanadondoka njiani. Mgonjwa akirudi na jino lililotibiwa mzizi zamani, ukataka kupima kwenye picha ile ya kale, huna kipimo cha kushikilia.

Tangu hapo, kabla sijauliza bei, nauliza data yangu inatokaje. Tena siridhiki na jibu la mdomo. Namwomba muuzaji achukue mgonjwa wa mfano, aitoe rekodi yake mbele yangu, na mimi niifungue kwenye kompyuta isiyo na programu yao.

Swali hilo ndilo lililonipeleka Open Dental, programu ya kuendesha kliniki ya meno. Wengi husikia ile “Open” wakadhani ni ya bure kabisa. Ukitaka msaada wao unalipia kila mwezi, na kwa kliniki inayofanya kazi kila siku, msaada huo utauhitaji. Kilichonivutia ni kwamba data inakaa kwenye MySQL au MariaDB, hifadhidata zinazojulikana kila mahali, na mpangilio wa majedwali yake wameuchapisha wazi. Nikitaka orodha ya wagonjwa walioanza matibabu ya mzizi wakaacha kurudi, naandika swali langu mwenyewe kwenye hifadhidata nayapata majina. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kulipia. Wale wagonjwa wenye jino lililozibwa kwa muda ndio hasa wanaotakiwa kupigiwa simu, kwa sababu maumivu yakishaisha wanaamini wamepona.

Kuna jambo moja la kurekebisha mapema kwenye programu yoyote iliyotokea Marekani, iwe ya bure au ya kulipia: namba za meno. Wao huhesabu 1 hadi 32. Sehemu kubwa ya dunia inatumia mfumo wa FDI (Shirikisho la Meno Duniani), ambapo tarakimu ya kwanza ni robo ya mdomo na ya pili ni nafasi ya jino kuanzia katikati. Sasa chukua 16. Kwa FDI ni gego kubwa la kwanza, juu kulia. Kwa Wamarekani ni gego la mwisho, juu kushoto. Fomu ya kung'oa “jino namba 16” ikitoka kliniki yenye mfumo mmoja kwenda kwa daktari wa mfumo mwingine, unajua mwenyewe kinachoweza kutokea. Open Dental inakuruhusu kuchagua mfumo. Baadhi ya programu za bure nilizojaribu hazikuwa na chaguo hilo, nami niliziacha siku ileile, hata zingekuwa nzuri kiasi gani kwenye mengine.

Za bure kabisa kwa upande wa kliniki sikuzidharau. Tuliwahi kuendesha moja ya chanzo huria kwa muda mzuri, na kwa daktari mmoja mwenye kiti kimoja ilitosha. Halafu asubuhi moja mapokezi yamejaa, mtu ameshika shavu lililovimba, na hifadhidata imekataa kuwaka. Niliwaandikia watengenezaji. Jibu lilikuja kesho yake, la kiungwana na sahihi kabisa, ila siku yenyewe ilikuwa imekwishapita na rekodi zimeandikwa kwenye makaratasi. Kama una mtu karibu anayeijua seva, anayechukua nakala rudufu kila usiku na kuzijaribu kwa kuzirejesha kwenye kompyuta nyingine, programu ya bure itakufaa. Kama huna, unachonunua kwenye ya kulipia ni yule mtu wa kupokea simu, hivyo mpime yeye kabla ya kupima kurasa za programu. Piga simu yao ya msaada kabla hujawa mteja, saa ambayo kliniki yako hushughulika zaidi.

Maabara ni habari nyingine kabisa, na huko nimebadilika mawazo zaidi ya mara moja.

Fundi wetu wa maabara alianza na Blender, programu ya kuchora maumbo ya 3D, ambayo ni ya bure kweli, bila mipaka ya muda wala idadi ya faili. Kwa modeli za kuchapa, trei za vipimo na kinga za usiku kwa wanaosaga meno, anaitumia mpaka leo na kazi zake zinakaa vizuri. Meshmixer nayo iliwahi kutusaidia kuziba matobo kwenye skani, ila kampuni inayoimiliki, Autodesk, haiiendelezi tena, kwa hiyo simshauri mtu aanze nayo sasa.

Tatizo lilikuja kwenye kofia za meno, zile zinazofunika jino zima. Kofia ya zirkonia, ile kauri ngumu nyeupe, inahitaji nafasi ya simenti ndani yake, mara nyingi mikromita 50 hivi, na nafasi hiyo isifike ukingoni, maana pale kofia inatakiwa kulala juu ya jino bila mwanya. Inahitaji pia mwelekeo mmoja wa kuingia, na kila bonde lililo nje ya mwelekeo huo lizibwe kabla ya kuchonga. Unene nao una kikomo chake kulingana na aina ya zirkonia. Kwenye Blender tupu yote haya unayafanya kwa mkono, kofia moja baada ya nyingine. Kwenye exocad, programu ya kulipia ya kubuni meno bandia, unaweka vigezo mara moja, na sehemu ikiwa nyembamba kupita kiasi unaiona kabla haijafika kwenye mashine. Nilimtazama fundi akiandaa daraja la meno matatu kwenye exocad, halafu nikakumbuka alivyokuwa akihangaika zamani. Siku hiyo nilikubali kulipa.

Kwa vipandikizi, zile skrubu zinazopandwa kwenye mfupa kushika jino bandia, sina hata mjadala. Unahitaji maktaba halali ya mtengenezaji wa kipandikizi chako, yenye maumbo halisi ya kiungio kinachoshikanisha kipandikizi na jino, na hiyo inapatikana kwenye programu za kulipia. Kiungio kilichokisiwa kwa jicho kitalegea. Ila soma bei moduli kwa moduli: exocad inauzwa hivyo, na moduli ya vipandikizi haiko kwenye ile ya msingi.

“Bure” nyingine ya kuisoma kwa makini ni ya Blue Sky Plan. Kupakua ni bure, kupanga kipandikizi juu ya CBCT (eksirei ya 3D) ni bure, na nimejifunza mengi humo. Malipo yanakuja unapotaka kutoa faili ya mwongozo wa upasuaji, kile kifaa kinachovalishwa mdomoni kuelekeza pa kutoboa, ikachapwe. Naona ni utaratibu wa haki, unalipa pale kazi inapokuletea kipato, lakini gharama hiyo iingie kwenye hesabu ya mgonjwa tangu mwanzo.

Kutazama CBCT tu, 3D Slicer ni ya bure na ina nguvu sana. Naitumia kufundishia na kumwonyesha mgonjwa taya lake. Haijaidhinishwa kuwa kifaa cha tiba, kwa hiyo uamuzi wa wapi pa kutoboa mfupa siufanyii humo.

Na hili lisikupite, hata kama hununui chochote: mwambie daktari anayekutumia skani atume faili ya PLY, asitume ya STL pekee; zote mbili ni faili za umbo la 3D. STL ni pembetatu tupu, haina rangi wala haisemi kama vipimo ni milimita. Fundi akifungua jino lililochongwa chini ya fizi, anaona kijivu kimoja kutoka jino hadi fizi na inambidi akisie ukingo. PLY inaweza kubeba rangi, na skana nyingi za mdomoni zinaitoa bila gharama ya ziada. Wekundu wa fizi unaishia hapa, weupe wa jino unaanzia pale, na mstari wa ukingo unauchora ukiwa unauona.