Wonder Woman iliyogonga mwamba: jaribio la 1974 au la 2011?

Televisheni za Marekani zilifanya majaribio mawili ya Wonder Woman, shujaa wa kike wa vitabu vya katuni aitwaye Diana, ambayo hayakuzaa mfululizo: filamu ya 1974 na kipindi cha majaribio cha 2011. Kwa anayetaka kitu kilichokamilika, 1974 inashinda bila ubishi. Kituo cha ABC kiliirusha hewani Machi mwaka huo, na baadaye ikatoka kwenye DVD. Ya 2011 kituo cha NBC kiliikataa Mei. Haikurushwa kamwe, na nakala zilizovuja zina picha za kompyuta ambazo hazijamaliziwa.

Ukitafuta Diana wa kwenye katuni, mambo yanageuka. Mwigizaji Adrianne Palicki wa 2011 ana bangili, kamba ya dhahabu na misuli ya kweli. Cathy Lee Crosby wa 1974 ni jasusi tu, tena mwenye nywele za dhahabu, bila nguvu za ajabu. Lakini waandishi wa 1974 hawakukurupuka: kuanzia 1968 katuni zenyewe zilikuwa zimemvua Diana nguvu zake.

Hadithi ya 1974 ni nyepesi, inaeleweka: vitabu vya siri vimeibwa, avirudishe. David E. Kelley, mwandishi wa ile ya 2011, alimgawa Diana mara tatu: shujaa, bosi wa kampuni inayouza vinyago vyake, na mwanamke mpweke anayeishi na paka. Dakika arobaini na kitu haziwezi kubeba yote hayo. Kibaya zaidi, Diana anamrushia mlinzi bomba la chuma shingoni, na hadithi inasonga kana kwamba hakuna aliyekufa.

Suruali ya buluu inayong'aa ya Diana wa 2011 ilizomewa hadi ikabadilishwa.

Mwanafunzi wa uandishi wa miswada aanze na 2011; makosa yake yanaonekana waziwazi. Mpenzi wa filamu za kijasusi za zamani atafurahia mwigizaji Ricardo Montalban, aliyecheza adui wa 1974.