Peltor Kid kwa usiku wa fataki: vinakata mpasuko, mngurumo unapita

Msimu wa mapukutiko Uingereza una sikukuu mbili zinazofuatana. Halloween, tarehe 31 Oktoba, unaweza kuikwepa: zima taa ya nje na watoto wanaogonga milango kuomba peremende watapita. Tarehe 5 Novemba haikwepeki. Fataki za kukumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulilipua Bunge husikika hadi chumbani, na mtoto mwenye usonji asiyestahimili kelele za ghafla huumia kwelikweli. Ndiyo maana vizuia kelele vya masikioni vinastahili kununuliwa mapema.

Tunavyovipendekeza ni Peltor Kid vya kampuni ya 3M: vikombe viwili na utepe wa juu unaorefushwa, bila betri wala waya. Kipimo chake cha kupunguza sauti, kile kinachoandikwa SNR kwenye boksi, ni desibeli 27. Fataki zinazouzwa kwa raia Uingereza haziruhusiwi kuzidi desibeli 120, na hiyo 120 ndiyo Shirika la Afya Duniani linaitaja kuwa ukomo wa mlio wa ghafla kwa mtoto. Kwa hiyo 27 inatosha kulinda masikio, mradi vikombe vimekaa sawasawa.

Na hapo ndipo wengi hukosea. Mto laini unaozunguka kikombe lazima uguse ngozi pande zote. Pitisha kidole taratibu kuzunguka sikio zima: ukikuta uwazi, hata mwembamba kama mkono wa miwani, sauti inaingia hapo. Kofia ya sufu ikiwa chini ya kikombe, umepoteza kinga kubwa. Hijabu vivyo hivyo. Mvalishe vizuia kelele kwanza, kisha kofia pana ya koti juu yake. Kwa binti aliyesukwa, mafundo ya nywele yasikae pale utepe unapopita, maana vikombe vitanyanyuka kila akitikisa kichwa. Utepe ukishakaa utosini, vuta vikombe chini hadi sikio lote limo ndani, bila ncha ya sikio kukunjwa. Ncha ikikunjwa, baada ya dakika kumi mtoto atavivua na hatavirudia.

Kasoro yake ni moja, na vizuia kelele vyote vya aina hii vinayo: mluzi na mpasuko vinakatwa vizuri, ila mngurumo mzito unapungua kidogo tu. Zaidi ya hapo, ule mtikisiko unaosikika kifuani haupiti masikioni, kwa hiyo hauzuiliki kwa vikombe. Mtoto anayeogopa mtikisiko huo anahitaji umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi. Ukitoka mita 50 ukasimama mita 200, umepunguza 12 bila kununua kitu. Kutazama ukiwa ndani ya gari lililofungwa vioo, kwenye kilima mbali na uwanja, ni bora kuliko kusimama kwenye kamba inayozuia watazamaji.

Usimvalishe mara ya kwanza usiku wenyewe. Anza wiki tatu kabla: dakika moja huku akifanya anachokipenda, kisha mbili, kisha tano, na aruhusiwe kuvivua mwenyewe. Siku yenyewe vivaliwe kabla mlio wa kwanza haujalia. Vikija baada ya hofu, mtoto huviunganisha na hofu hiyo. Palipo kimya vivuliwe, kwani masikio yakizoea ukimya wa kutwa nzima, hata sauti za kawaida huanza kumsumbua. Akiwa navyo hatakusikia ukimwita, basi mshike mkono na mkubaliane ishara mbili tu: "tuondoke" na "bado".

Kwa watoto wachanga havifai. Tafuta vyenye utepe laini wa kitambaa. Chapa yoyote utakayochagua, angalia kama imeandikwa EN 352-1, kiwango cha Ulaya cha vizuia kelele vya vikombe, maana vipo vya rangi nzuri ambavyo ni vya kuchezea tu.

Usiku huo fataki zinaruhusiwa mpaka saa sita, badala ya saa tano ya siku nyingi za mwaka, basi viwe karibu na kitanda hadi hapo. Asilale navyo: akigeukia ubavu kikombe kinasogea, na mto wa kitanda unakisukuma kimbane taya.