Queer as Folk: anza na Manchester, Pittsburgh ifuate

Tamthilia zenye jina hili ni zaidi ya moja, na wengi huanza na ile ndefu. Hilo ni kosa. Ya Uingereza, iliyoandikwa na Russell T Davies, ilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha Channel 4 Februari 1999: vipindi 8, kisha viwili vya kuhitimisha mwaka 2000. Ya Marekani, ya Ron Cowen na Daniel Lipman, ilikuwa kwenye kituo cha kulipia cha Showtime kuanzia Desemba 2000 hadi Agosti 2005: misimu 5, vipindi 83. Ya kwanza utaimaliza mwisho wa wiki mmoja.

Mbegu ni moja. Stuart hulala na amtakaye, Vince, rafiki yake tangu shuleni, anampenda kimoyomoyo, na Nathan, mvulana wa miaka 15, anajitosa Canal Street, mtaa wa mashoga wa Manchester. Marekani wakawa Brian, Michael na Justin, mji ukawa Pittsburgh, ingawa picha zilipigwa Toronto.

Urefu ndio uliozitenganisha. Katika kipindi cha tatu cha Uingereza, Phil, rafiki wa Vince, anarudi nyumbani na mwanamume asiyemjua, anazidiwa na dawa za kulevya, na yule mgeni anamchukulia pesa na kumwacha sakafuni. Phil anakufa. Baadaye mama yake anamuuliza Vince kama mwanawe angekufa hivyo lau asingekuwa shoga, na swali linabaki hewani. Marekani mkasa huo anapewa Ted, naye anapoteza fahamu kisha anazinduka, kwa sababu tamthilia ya misimu mingi bado inamhitaji. Tukio ni lilelile, uzito haupo tena.

Vince naye hana mfano. Ni meneja katika supamaketi, tena mpenzi sugu wa Doctor Who, tamthilia ya Kiingereza ya kubuni ya sayansi, na wanaume wanaomtaka hushindwa kuliingia hilo. Stuart anapomtajia waigizaji waliowahi kumcheza Doctor huyo mmoja baada ya mwingine, hiyo ndiyo kauli yake ya mapenzi, na Craig Kelly, anayemcheza Vince, anaipokea usoni tu. Michael wa Pittsburgh amepewa vitabu vya katuni badala yake, lakini mzani wa hadithi unahamia kwa Brian na Justin, na yule anayependa bila kupendwa anasogezwa pembeni.

Hata hivyo Marekani ina yake. Ukimwi, ambao Manchester karibu hautajwi, hapa una sura: Vic, mjomba wa Michael, na baadaye Ben, mpenzi wa Michael. Lindsay na Melanie, wanawake wawili wapenzi, wana maisha kamili, ilhali wenzao wa Uingereza, Romey na Lisa, wamechorwa juujuu. Mwisho wa msimu wa kwanza Justin anapigwa rungu la besiboli kichwani, na msimu wa pili hausahau: mkono wake wa kuchorea hautulii tena. Kuumia kukikaa namna hiyo, urefu unakuwa na faida.

Umri wa Nathan usipuuzwe. Stuart ana miaka 29, na sheria ya Uingereza wakati huo ilitaka wanaume wawili wawe na miaka 18. Tamthilia inauchukulia uhusiano huo kwa wepesi mno, na hilo ndilo doa lake kubwa. Marekani walimfanya Justin awe na miaka 17.

Lafudhi ya Manchester ni nzito na mazungumzo yanakimbia, kwa hiyo washa maandishi ya chini ya skrini. Vipindi viwili vya 2000 usivitazame papo hapo baada ya kile cha nane. Vina mwendo mwingine, vinaelekea kwenye ngano, na ukiviunganisha vitakuharibia dansi ya klabu ya Babylon iliyofunga vile 8. Msimu wa kwanza wa Pittsburgh unarudia mengi ya Manchester, wakati mwingine hatua kwa hatua, basi vumilia hadi hadithi ipate njia yake. Ile ya 2022 ya Peacock, huduma ya kutazama mtandaoni, iliyohamia New Orleans kwa vipindi 8, ina wahusika wapya kabisa na inaweza kutazamwa peke yake.