Kete 97, kamusi isiyo na Z, na programu ya kutafutia maneno

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Ujiji kina bao, kina drafti, na tangu mwaka jana kina Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa kete za herufi. Niliileta mimi. Kuna mgeni alimaliza mkataba wake mjini Kigoma akawa anauza vyombo vya nyumbani. Nilifuata jiko la gesi, nikarudi na jiko na boksi la Scrabble lililojaa vumbi. Seti ya Kiingereza huwa na kete 100. Tulihesabu 97. Z haikuwemo, na E mbili kati ya 12 hazikuwemo. Tukachukua vizibo vitatu vya soda, tukaviandika kwa maka, mchezo ukaanza.

Ugomvi nao ukaanza. Mwamuzi wetu ni Mzee, mwalimu mstaafu, na kamusi yake imepoteza jalada la nyuma pamoja na kurasa zote baada ya W. Kwa hiyo mtu akiweka neno la Z, ambayo ni pointi 10, hakuna pa kukagulia. Ndipo nikapakua programu ya kutafuta maneno ya Kiingereza kwa herufi ulizonazo. Jina lake naliacha, kwa sababu zipo nyingi na zinafanana kama dagaa.

Siku ya kwanza iliniumbua. Nilikuwa nimebaki na A, E, R na T, nikaziandika kwenye kisanduku cha juu, ikaniletea TEACHER, WATER, GREAT. Nikamgeukia Mzee kwa kujidai: "Mzee wangu, nilikuwa na TEACHER mkononi!" Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, C na H umezitoa wapi?" Kumbe kile kisanduku kinatafuta maneno yenye herufi hizo, hata kama yana nyingine. Cha pili ndicho kinachotafuta yanayoundwa kwa herufi hizo tu: RATE, TEAR, TARE. Cha tatu kinataka herufi zifuatane vilevile, mfano ATER inatoa WATER na LATER. Vitatu hivi havina maelezo yoyote, na ukivichanganya unaona programu mbovu kumbe uliyekosea mlango ni wewe. Kete tupu, ile inayosimama badala ya herufi yoyote, unaiwakilisha kwa alama ya kuuliza.

Ukishazoea, ina kasi ya ajabu. Kijana mmoja anayesomea kompyuta alinieleza siri yake. Mashine inapanga herufi za kila neno kwa mfuatano wa alfabeti: LISTEN inakuwa EILNST, SILENT nayo EILNST, TINSEL na ENLIST hivyo hivyo. Wewe ukiandika zako inazipanga pia, kisha inafungua droo moja tu. Mpwa wangu wa kidato cha pili amejaza daftari zima kwa mtindo huo, kuanzia STOP, POST, SPOT na POTS.

Mimi raha yangu ni baada ya mchezo. Wakati wa mchezo simu inafunikwa juu ya meza, hiyo ni sheria ya Mzee. Tukimaliza naingiza herufi nilizokuwa nazo nione nilichokosa, na huwa ni maumivu matupu. Juzi nilishika A, E, I, N, R, S, T nikaweka RAIN. Programu ikanionyesha RETAINS na NASTIER. Kete zote saba kwa mkupuo mmoja ni pointi 50 za nyongeza. Sikumaliza kahawa yangu.

Lakini kilichowafurahisha wazee ni Q. Tulizoea kwamba bila U hiyo kete ni mzigo. Nikaiambia programu initolee maneno yenye Q yasiyo na U. Likaja QI, kisha QADI, FAQIR, TALAQ. Mzee akavua miwani, akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Kadhi, fakiri, talaka! Hicho si Kiingereza, hiyo ni mahakama ya kadhi." Baadaye tukaikuta na BWANA, SAFARI, hata UHURU. Sasa kila mtu anasubiri apate W ili aweke BWANA.

Kasoro inazo. Haitoi maana. QI ilitushughulisha jioni nzima, hadi mtu akapiga simu Dar kuulizia. Pili, haikuambii inafuata orodha gani. Marekani wana orodha yao ya maneno ya Scrabble, na Uingereza hufuata ya kamusi ya Collins. Simu yangu ilikubali ZO, simu ya jirani yenye programu nyingine ikaikataa, na kwa kuwa ile ilikuwa ni Z ya kizibo, watu nusura wavunje meza. ZO imo kwenye Collins, haimo kwa Wamarekani, basi wote wawili walikuwa sahihi. Tukaamua kufuata yangu, maana boksi ni langu.

Matangazo ndiyo kero kubwa: kila ukitafuta mara tatu, video, na alama ya kuifunga ni ndogo kama jicho la dagaa. Dawa yake niliigundua nikiwa Kibirizi nasubiri boti bando likiwa limekata. Zima data. Maneno yote yamo ndani ya simu, inatafuta kama kawaida, na matangazo hayaji.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa na maana za maneno ningeipa nne na nusu.

Kuhusu wizi wakati wa kuchota kete, programu haitusaidii kitu. Ndani ya mfuko wa kete mkono ukigusa kizibo unajua kabisa ni Z au E, na Mzee ana vidole vyepesi kuliko sisi wote. Wiki hii ameipata Z mara nne.